Kiti cha Spika na Mfalme Aliyekiazima

Bunge la Uingereza lina umri mrefu, na kama ilivyo ada ya wazee, lina siku nyingi za kukumbuka. Wako wanaoiadhimisha tarehe 20 Januari 1265, siku ambayo Simon de Montfort, lodi aliyemwasi mfalme wake na kumshika mateka, aliwakusanya Westminster si maaskofu na malodi peke yao, bali na mabwana wawili wawili wa kila wilaya, pamoja na wenyeji wa miji, watu wa biashara ambao hapo kabla hawakudhaniwa kuwa na neno la maana mbele ya kiti cha enzi. Wako wanaoitaja tarehe 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alipokamatwa chini ya ukumbi wa Malodi akilinda mapipa 36 ya baruti. Na hadi hivi leo, kila mfalme ajapo kulifungua Bunge, walinzi wake huteremka vyumba vya chini na taa mkononi kupekua, ingawa hakuna anayetazamia kukuta kitu. Na wako wanaosikitikia tarehe 16 Oktoba 1834, ambapo watumishi walioamriwa kuteketeza shehena ya vijiti vya kale vya hesabu za hazina walivirundika tanurini kupita kiasi, hata moto ukashika njia za moshi, na kufikia usiku sehemu kubwa ya jumba ikawa majivu.

Kila moja ya siku hizo ina watu wake, nami siwaonei gere. Lakini lau ningetakiwa kuteua siku moja ambayo kwayo mgeni anaweza kufahamu namna Bunge lile lilivyoupata uwezo wake, ningeipita ya de Montfort, ningeipita ya baruti na ya moto, nikasimama kwenye alasiri ya tarehe 4 Januari 1642; na katika wote waliokuwamo ukumbini alasiri ile nisingemtazama kwanza mfalme, wala wale aliokuja kuwatafuta, bali wakili mmoja wa umri wa miaka hamsini hivi, mpenda mali, mwenye tabia ya kugeuka upepo ugeukapo, jina lake William Lenthall, aliyekuwa amekikalia kiti cha Spika. Majasiri wamejaa katika tarikhi, na ujasiri wao hautuelezi mengi, kwa kuwa ndio ulio tabia yao. Mwoga aliposimama imara kwa dakika chache, hapo ndipo tuna haki ya kuuliza ni kitu gani kilichomzuia asianguke.

Cheo cha Spika hakikuanzishwa kwa sheria wala kwa hati ya mfalme. Kilizuka kwa haja. Baraza la Makabwela, yaani wajumbe wa wilaya na miji waliokaa kando ya malodi, lilihitaji mtu mmoja wa kuyabeba maneno yake hadi kwa wakubwa, maana watu wengi wakisema kwa pamoja hawasikiki, na kila mtu akisema peke yake huadhibiwa peke yake. Mwezi wa Aprili mwaka 1376, Mfalme Edward wa Tatu akiwa mzee aliyechoka na hazina yake imekaushwa na vita vya Ufaransa, wajumbe walioitwa ili waridhie kodi mpya walikutana katika chumba cha mkutano cha watawa wa abasia ya Westminster, wakaapa kutunziana siri, kisha wakainuka mmoja mmoja kutoa dukuduku lao juu ya wale waliomzunguka mfalme na kula fedha za umma. Bwana mmoja wa Herefordshire, Peter de la Mare, ambaye aliyakusanya maneno ya wenziwe kwa ufasaha kuliko wengine, akapewa kazi ya kuyafikisha mbele ya malodi. Alipofika mlangoni, na baadhi tu ya wenziwe wakaruhusiwa kuingia, alikataa kufungua kinywa mpaka wale waliozuiliwa nje waletwe wote, akihoji kwamba alilokuja kulisema si lake bali ni la jamaa nzima. Wakaletwa. Ndipo akawataja pasi kificho Lodi Latimer, mkuu wa nyumba ya mfalme, na Richard Lyons, tajiri wa London aliyejinufaisha kwa ushuru na kwa riba za mikopo ya dola, na hata Alice Perrers, hawara wa mfalme mwenyewe.

Malipo yake yalikuwa kifungo katika ngome ya Nottingham, kwa sababu mara Bunge lilipotawanyika John wa Gaunt, mwana wa mfalme, aliyatangua yaliyotendwa. Na Bunge lililofuata, la Januari 1377, lilikuwa na msemaji wa upande wa mwana huyo wa mfalme, Thomas Hungerford, ambaye ndiye wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu kwa cheo cha Spika. Kwa hiyo Spika wa kwanza kwa vitendo alikuwa mtu wa wajumbe, na Spika wa kwanza kwa jina alikuwa mtu wa wakubwa, na kwa muda wa karne mbili na nusu zilizofuata hao wa namna ya pili ndio waliokuwa wengi. Mfalme alimpendekeza mtu amtakaye, Makabwela wakajidai kumchagua, na kazi yake kubwa ikawa ni kuwasukuma wenziwe watoe fedha upesi waende zao makwao.

Hata hivyo kiti hicho hakikuwa na raha. Sir John Bussy alikatwa kichwa huko Bristol mwaka 1399. Richard Empson na Edmund Dudley, ambao wote wawili waliwahi kuwa Maspika, walichinjwa siku moja mwaka 1510, wakati Henry wa Nane, kijana mpya juu ya kiti cha enzi, alipotaka kuwapendeza raia waliochoshwa na ukusanyaji wao wa kodi kwa niaba ya baba yake. Thomas More akafuata mwaka 1535. Ni kweli kwamba wengi katika hao hawakuuawa kwa ajili ya uspika wao bali kwa mambo mengine ya dola, lakini desturi haikujali tofauti hiyo: hadi leo, jina la Spika mpya litangazwapo, wenziwe humshika mikono wakamkokota hadi kitini, naye hujifanya hataki, mchezo ambao hata Betty Boothroyd, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, aliucheza tarehe 27 Aprili 1992.

Huyo More, kabla ya kufikwa na yake, alikuwa Spika mwaka 1523, Kadinali Wolsey alipoliingia Baraza na msafara wake wote, misalaba na fimbo zake na muhuri mkuu wa dola, kudai fedha za vita. Wajumbe walinyamaza. Kadinali alimwuliza huyu, akamwuliza yule, asipate hata anayekohoa. Hapo More akapiga magoti, na kwa adabu isiyo na doa akamweleza kwamba si ada ya Baraza kujibu ila kwa kinywa cha Spika wake, na kwamba Spika naye, mpaka kila mmoja wa waliopo atakapoweza kuitia akili yake ndani ya kichwa chake yeye, hana jibu la kumpa katika jambo zito namna ile. Kadinali aliinuka akaenda zake kwa ghadhabu. Kodi iliridhiwa baadaye, ijapokuwa pungufu ya aliyoitaka, na sidhani kwamba More alikuwa amekusudia kumnyima mfalme wake chochote. Lakini hoja ile ya kwamba Spika hana ulimi wake mwenyewe ilikuwa imekwisha kutamkwa, na zana iliyokwisha kufuliwa haichagui mkono utakaoishika.

Tukivuka miaka mia na sita tunafika katika enzi ya Charles wa Kwanza, mfalme mwenye haya, mwenye kigugumizi, mpenda michoro, aliyeamini kwa moyo safi kabisa kwamba Mungu alimkabidhi raia wale awatawale na kwamba kumwuliza hesabu ni karibu na kufuru. Tarehe 2 Machi 1629, baada ya magomvi marefu juu ya ushuru wa forodha na mambo ya dini, alituma amri Baraza liahirishwe. Spika wa wakati huo, Sir John Finch, mtu wa mfalme tangu utosini hadi nyayoni, aliinuka kitini ili atii. Lakini kabla hajapiga hatua wajumbe wawili, Denzil Holles na Benjamin Valentine, walimdaka wakamkalisha kwa nguvu, Holles akiapa kwamba hataondoka mpaka wao watakapopenda kuondoka. Mlango ukafungwa kwa ufunguo. Nje mjumbe wa mfalme anabisha, ndani Spika analia machozi akiwasihi wasimponze, na Sir John Eliot, aliyekuwa ameandika maazimio matatu ya kuwalaani watakaolipa ushuru usioridhiwa na Bunge, kwa kukata tamaa ameyatupa motoni, ikambidi Holles ayasome kwa kichwa. Wakayapitisha kwa makelele, wakafungua mlango, wakatoka. Na kwa muda wa miaka 11 Bunge halikuitwa tena. Eliot alitiwa katika ngome ya London, akafia humo Novemba 1632, na mwanawe alipoomba mwili wa baba akauzike kwao Cornwall, mfalme alikataa.

(Msomaji asidhani kwamba mambo haya yamesahauliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2019, serikali ya siku zile ilipoliahirisha Bunge kwa majuma matano katikati ya mzozo wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya, baadhi ya wabunge wa upinzani walimkimbilia Spika John Bercow wakajaribu kumshikilia kitini mwake, kwa kumbukumbu ya Finch. Majuma mawili baadaye mahakama ya juu kabisa ya nchi ilihukumu kwamba uahirishaji ule ulikuwa batili tangu mwanzo.)

Katika miaka ile 11 mfalme aliishi kwa kuchokonoa sheria za kale zilizokwisha kufa, akizifufua kila ilipoonekana zinaweza kuzaa fedha. Iliyochukiza zaidi ni kodi ya merikebu, ambayo tangu zamani ilitozwa miji ya pwani wakati wa hatari ya vita, na ambayo Charles aliieneza hadi wilaya za bara ambako watu hawajapata kuiona bahari. John Hampden, mwenye mashamba huko Buckinghamshire, alidaiwa shilingi 20 kwa shamba lake moja, akakataa kuzilipa; si kwamba hakuwa nazo, maana alikuwa tajiri, bali alitaka majaji waseme hadharani kama mfalme anaweza kumtoza mtu bila ridhaa ya Bunge. Majaji 12 walikaa, wakagawanyika, 7 kwa mfalme na 5 kinyume chake. Na aliyesema kwa ukali kuliko wote upande wa mfalme alikuwa Finch yule yule, sasa jaji mkuu, ambaye bila shaka alikumbuka mikono ya Holles mabegani mwake. Hukumu ikawa ya mfalme, sifa ikawa ya Hampden.

Waskoti ndio waliomlazimisha Charles kuliita Bunge, kwani alipotaka kuwatia katika kanisa wasilolitaka walichukua silaha, naye hakuwa na mishahara ya jeshi. Bunge lililokutana tarehe 3 Novemba 1640 likamchagua Lenthall kuwa Spika, wakili wa kuzaliwa Henley kando ya mto Thames, mjumbe wa Woodstock, ambaye hakuna aliyemtarajia makubwa, na ambaye kwa hakika alichaguliwa kwa kuwa aliyekusudiwa na mfalme alikosa kiti. Finch alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kushtakiwa. Alijitetea kwa machozi mbele ya Baraza, kisha akakimbilia Uholanzi. Mwaka mmoja ukapita katika kung'oa kila alichokipanda mfalme, mpaka mwisho wa mwaka 1641 Makabwela wenyewe wakagawanyika nusu kwa nusu juu ya hati ndefu ya malalamiko, ikapita kwa kura 11 tu. Na lau mfalme angalitulia, yawezekana nusu ile iliyochoka ingemrudia.

Hakutulia. Tarehe 3 Januari 1642 mwanasheria wake mkuu aliwashtaki kwa uhaini lodi mmoja na wajumbe watano wa Makabwela: John Pym, aliyekuwa kama jemadari wao, John Hampden, Denzil Holles, Sir Arthur Haselrig na William Strode. Baraza lilipokataa kuwatoa, mfalme aliazimu kwenda kuwakamata kwa mkono wake, na inasemekana malkia wake, Mfaransa asiyejua subira, ndiye aliyemchochea kwa kumwita mwoga. Khabari ilitoka jumbani kabla yake. Wale watano walikuwa wamo ukumbini mchana ule kama kawaida. Walipopata hakika kwamba msafara uko njiani walishuka mtoni wakapanda mashua kuelekea mjini London, isipokuwa Strode, mtu wa hasira aliyeng'ang'ania kubaki auawe pale pale, mpaka rafiki yake mmoja alipomvuta kwa joho akamtoa.

Ukumbi wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kanisa dogo la Mtakatifu Stefano ndani ya jumba la Westminster, walilopewa Makabwela tangu karne iliyotangulia, nao wakaendelea kukaa katika viti vya waimbaji, safu mbili zikitazamana, na kiti cha Spika kikasimama juu ya vipandio palipokuwa na altare. Charles aliingia yeye na mpwa wake tu, akiwaacha askari mia nne hivi nje. Lakini lodi mmoja, wa Roxburgh, aliuegemea mlango usifungwe, ili wajumbe wazione panga na bastola zilizokuwa nyuma ya maneno ya mfalme. Alivua kofia, nao wakavua zao wakasimama. Akapita katikati ya safu, akitazama kulia mahali Pym alipozoea kukaa, akafika mbele ya Lenthall akamwomba ruhusa aazime kiti chake. Hakukaa, alisimama juu ya kipandio, akaeleza kwa ile sauti yake ya kusitasita kwamba hana nia ya kuvunja haki za Baraza, ila uhaini hauna haki, naye amekuja kuchukua wahaini. Akauliza kama Bwana Pym yupo. Kimya. Akauliza juu ya Holles. Kimya. Basi akamgeukia Spika.

Tukumbuke Lenthall alivyokuwa. Mbele yake mfalme, aliyepakwa mafuta matakatifu, ambaye Maspika wote waliotangulia walimhesabu kuwa bwana wao, mlangoni askari, na kila mtu aliyesoma sheria alijua adhabu ya mwenye kuficha wahaini. Akapiga magoti, na hapo hapo magotini akajibu kwamba, kwa idhini ya Mfalme, mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa kama Baraza litakavyomwelekeza, ambalo yeye ni mtumishi wake. Akaomba radhi kwamba hana jibu jingine. Yale yale ya More mbele ya Kadinali, ukipenda; lakini More aliyasema kuilinda nafsi yake na Baraza dhidi ya waziri, na huyu ayasema dhidi ya mwenye dola mwenyewe. Charles akamjibu kwamba macho yake yeye ni mazima kama ya mtu mwingine, akayazungusha safu hadi safu, akaona ndege wamekwisha kuruka. Akateremka kipandio akatoka kwa haraka zaidi ya alivyoingia, na nyuma yake kelele zikapanda za wajumbe kudai haki ya Baraza.

Maneno hayo tunayo kwa sababu ya karani kijana aliyekaa mezani, John Rushworth, ambaye alijua hatimkato na mkono wake haukuacha kuandika. Usiku ule mfalme alimwita akamtaka aitoe nakala. Rushworth, aliyekwisha kujifunza kwa bwana wake, alijaribu kujikwamua kwa kumkumbusha kwamba kuna mjumbe aliyefungwa kwa kumpelekea mfalme yaliyosemwa Barazani. Charles, ambaye hakuwa mjinga, alimjibu kwamba yeye hataki aliyoyasema mjumbe yeyote, anataka aliyoyasema mwenyewe. Karani akakaa akainakili, mfalme akasahihisha kwa kalamu yake, ikapigwa chapa. Katika daftari la Baraza siku hiyo imeandikwa kuwa ni ya mwaka 1641, kwani Waingereza wakati huo waliuanza mwaka tarehe 25 Machi, jambo ambalo limewasumbua wanafunzi wengi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mji wa London uliwaficha wale watano; tarehe 10 mfalme na jamaa yake wakaondoka mjini, na kesho yake wale watano wakarudi Westminster kwa mashua, mto umejaa watu wa kuwashangilia. Agosti vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Charles hakuuona tena mji mkuu wake ila aliporudishwa mfungwa, akahukumiwa, akakatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Tangu alasiri ile hakuna mfalme wala malkia aliyeingia katika ukumbi wa Makabwela wakati wa kikao. Na kila Bunge lifunguliwapo, mjumbe wa mfalme, Mshika Fimbo Nyeusi, hufungiwa mlango usoni, akaugonga mara tatu ndipo afunguliwe.

Laiti hadithi ya Lenthall ingeishia magotini pale, pengine angekuwa na sanamu katika kila mji. Aliishi miaka 20 zaidi, na miaka hiyo haikumpamba. Alikusanya vyeo na mapato. Mwaka 1647 aliwakimbia wafanya ghasia wa London akajitia mikononi mwa jeshi. Tarehe 20 Aprili 1653 Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi hilo, alipowafukuza wajumbe kwa askari na kuamuru siwa iondolewe kama kitu cha mzaha, Lenthall alikataa kushuka kitini mpaka alazimishwe, naye Jemadari Harrison akamshika mkono akamteremsha, hivi kwamba mara mbili katika umri wake aliona silaha zikiliingia Baraza, na mara ya pili zilikuwa za wale wale waliopigania haki zake. Alimtumikia Cromwell baadaye, akaona fahari kuketi katika Baraza lake la juu. Ufalme uliporudi mwaka 1660 aliachiwa roho yake lakini akakatazwa kushika kazi ya umma. Na alipokuwa akitafuta kuaminiwa, alisimama kizimbani kutoa ushahidi juu ya Thomas Scot, mmoja wa waliomhukumu mfalme, akayakariri maneno ambayo Scot aliyasema ndani ya Baraza. Scot alihoji kwamba maneno ya Bungeni hayawezi kuletwa mahakamani. Hakusikilizwa, akauawa. Yule aliyesema hana macho wala ulimi alikuwa sasa ameupata ulimi. Alikufa Septemba 1662 nyumbani kwake Burford, amekwisha kumkiri kasisi majuto yake, akausia asijengewe kaburi, ila liwekwe jiwe tupu lenye maneno mawili ya Kilatini ya kusema kwamba yeye ni mdudu.

Nimeyaeleza haya si kwa kumsuta maiti, bali kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha kwamba siku ile ya Januari kiti kilikuwa kikubwa kuliko aliyekikalia. Waliokuja baada yake hawakuwa bora wote. Sir John Trevor alipokea guinea 1,000 kwa wakubwa wa mji wa London ili auharakishe mswada wao. Jambo lilipofichuka, Machi 1695, kwa kuwa yeye ndiye Spika ilimbidi mwenyewe awaulize wajumbe kama wanaafiki kwamba Spika ana hatia, asikie wakiafiki, kisha atangaze kwamba wameafiki. Siku iliyofuata alitoa udhuru wa tumbo kumwuma, hakuonekana tena. Arthur Onslow, aliyekalia kiti miaka 33 tangu 1728 hadi 1761, ndiye aliyekisafisha, hata akaiacha kazi ya malipo mazuri katika hazina ya jeshi la majini asije akadhaniwa kuwa mtu wa serikali.

Ajabu ni kwamba Waingereza walipoyajenga mabaraza katika nchi walizozitawala, kile ambacho Lenthall alimnyima mfalme walikitoa bure kwa wajumbe wa mfalme. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, lililoanza mwaka 1907, na la Tanganyika, lililoanza mwaka 1926 chini ya Sir Donald Cameron, yote mawili yaliongozwa na Gavana mwenyewe. Na huko Unguja alikuwa Balozi Mkazi wa Kiingereza. Yeye ndiye aliyeleta miswada, ndiye aliyeteua wajumbe walio wengi, na ndiye aliyekikalia kiti akiamua nani aseme na nani anyamaze. Hakuwa na haja ya kuazima kiti cha mtu. Mwafrika wa kwanza aliingia katika Baraza la Kenya mwaka 1944, naye Eliud Mathu, na katika la Tanganyika mwaka 1945 wakaingia Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Na wote hao, walipotaka kuilaumu serikali, iliwapasa kumwelekezea maneno yao mkuu wa serikali hiyo hiyo.

Kenya ilipata Spika mwaka 1948, Tanganyika mwaka 1953, Gavana Twining alipokiacha kiti kwa Brigedia Scupham. Mwaka 1956 akashika Sir A. Y. A. Karimjee, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Zanzibar, ambaye jina la jamaa yake liko juu ya ukumbi wa Dar es Salaam ambamo Bunge lilikutana. Twining huyo huyo ndiye aliyekwenda Kalenga mwezi wa Juni 1954 kuwarudishia Wahehe fuvu la Mtwa Mkwawa, na aliyelipokea alikuwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mwaka 1962 Adam Sapi alichaguliwa kuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika, akakaa hadi 1973, akarudi 1975 akakaa hadi 1994, muda ambao, vipindi vile viwili vikijumlishwa, unaukaribia ule wa Onslow.

Lakini kazi yake haikuwa ile ya Lenthall, kwani hatari haikuja kwa mlango ule. Mnamo Oktoba 1968 baadhi ya wabunge waliokuwa wakali wa kuihoji serikali walifukuzwa katika TANU kwa uamuzi wa Halmashauri Kuu ya chama, na kwa kuwa katiba ya wakati huo haikumruhusu mtu asiye mwanachama kuwa mbunge, viti vyao vikawa vitupu siku hiyo hiyo. Hakuna askari aliyeingia ukumbini, wala Spika hakuulizwa waliko.